Mtoto amelala garini, naingia mara moja tu: je, inafaa?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mama wa mtoto wa miaka miwili. Gari likianza tu kwenda, yeye hulala, na nikimwamsha hulia mpaka nachoka. Kwa hiyo nikifika dukani humwacha kwenye kiti chake, nafunga milango, naacha kioo wazi kidogo, naingia na kutoka mbio. Mume wangu naye hufanya hivyo hivyo akienda kuswali jamaa, yaani swala ya pamoja msikitini, kwa sababu msikitini watu humkemea mtoto akipiga kelele. Nilipomwambia naogopa, alinijibu kuwa huwa anamsomea Ayatul Kursiyyu kabla ya kushuka, kwamba Allah ndiye mbora wa kulinda, na kwamba hata Nabii Ibrahim alimwacha mwanawe jangwani. Juzi foleni ilinikawiza. Niliporudi nilimkuta ameloa jasho, analia hata sauti imemkauka. Nilimkumbatia nikalia naye. Je, tunapata dhambi? Na kwa lile la juzi, nina kafara?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Swahaba zake.

Dada yangu, haifai. Mtoto asiyeweza kujitoa mwenyewe haachwi peke yake ndani ya gari lililofungwa, iwe ni kwa ajili ya duka au kwa ajili ya swala. Anayemwacha hali anaijua hatari yake ana dhambi hata akirudi akamkuta salama, kwa kuwa ameitia hatarini nafsi asiyoimiliki. Allah anasema: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (Al-Baqara, 195). Ikiwa mtu mzima hana ruhusa ya kujiangamiza mwenyewe, vipi awe na ruhusa ya kumtia humo asiyejua hata kusema kwamba anasikia joto?

Wanazuoni wanatufundisha kwamba jambo halihukumiwi kabla ya kueleweka, basi tulitazame gari lenyewe. Jua hupenya vioo, likapasha viti na dashibodi, navyo vikapasha hewa ambayo haina pa kutokea. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili na kutoa matokeo yao mwaka 2005. Waliona kuwa hata siku ambayo nje ni nyuzi 22 tu, siku ambayo hakuna anayelalamikia jua, ndani ya gari huweza kufika nyuzi 47 kabla ya saa moja kwisha, na sehemu nne kwa tano ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kukiacha kioo wazi kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Mwili wa mtoto mdogo nao hupanda joto kwa kasi mara 3 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na ukifika nyuzi 40 hapo si suala la kumpepea tena, ni hatari ya kifo.

Kitazame pia kile kifungo chekundu cha mkanda wa kiti chake. Kimefanywa kigumu makusudi ili mtoto asijifungue njiani. Vidole vya mtoto wa miaka miwili kwa kawaida havina nguvu ya kukibonyeza. Jasho likimtoka, akiamka akaona kiti chako ni kitupu, hana analoweza kufanya ila kulia, na milango imefungwa.

Wengine husema wao huacha injini ikiwaka na kiyoyozi kikifanya kazi. Injini huzima. Mtoto aliyefunguka huchezea gia. Na mwizi akiliona gari linaunguruma bila dereva, haangalii kwanza nani amelala kiti cha nyuma.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini cha swali lako. Katika Sura Yusuf, wale ndugu walipomwomba baba yao wamchukue Yusuf wakacheze, Nabii Yaqub hakuwaambia kuwa anaogopa watamwua. Alisema: "Nachelea asije akaliwa na mbwamwitu, nanyi mmeghafilika naye" (Yusuf, 13). Alitaja vitu viwili, mbwamwitu na kughafilika. Mbwamwitu yuko kila siku, hatuwezi kumwondoa duniani. Alichoomba baba yule ni jicho lisibanduke kwa mtoto. Joto la gari, mwizi, gia, hao ndio mbwamwitu wa leo, na dakika ulizokuwa kwenye foleni ndiko kughafilika kwenyewe. Unapoingia dukani unakusudia dakika mbili, lakini dakika hizo si zako. Kuna mteja mbele yako aliyesahau pesa, kuna mtu mliyepoteana miaka anakushika mkono. Juzi umeliona hilo kwa macho yako.

Kuhusu hoja ya mume wako, namwomba anisikilize kama ndugu, maana naona anampenda mtoto wake na nia yake ya kuswali jamaa ni njema. Kumsomea mtoto ni sunna. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwakinga wajukuu zake, Hasan na Husein, kwa maneno kamili ya Allah, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Lakini Mtume huyo huyo, katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, alituamrisha usiku unapoingia tuwazuie watoto wetu wasitoke, na tufunge milango huku tukilitaja jina la Allah. Hakusema litajeni jina la Allah na mlango muuache wazi. Mkono unafunga mlango, ulimi unamtaja Mola, na vyote viwili ni ibada. Anayesoma Ayatul Kursiyyu kisha akamfungia mtoto ndani ya joto ameigeuza aya kuwa ruhusa ya uzembe, na aya haikuteremshwa kwa hilo.

Ama kisa cha Nabii Ibrahim, kwanza ilikuwa ni amri ya wahyi, yaani ufunuo kutoka kwa Allah, na hakuna anayeteremshiwa wahyi mlangoni pa duka. Bi Hajar mwenyewe alimuuliza: "Je, ni Allah aliyekuamrisha hivi?" Aliposikia ndiyo, ndipo akasema: "Basi hatatupoteza." Pili, na hili watu hulisahau kabisa, Ismail hakuachwa peke yake. Aliachwa pamoja na mama yake, Bi Hajar, wakiwa na mfuko wa tende na kiriba cha maji. Maji yalipokwisha mama yule hakukaa akasema Allah atalinda. Alipanda Safa, akashuka bondeni, akapanda Marwa, mara saba, mpaka leo mahujaji wanazifuata nyayo zake. Atakayekitumia kisa hiki kama hoja, basi amwache mtoto na mama yake.

Tuje kwenye jamaa. Swala ya jamaa ina fadhila kubwa, lakini wanazuoni wa fiqhi wameihesabu hofu juu ya nafsi au juu ya mtu aliye chini ya uangalizi wako kuwa ni udhuru wa kuikosa. Bali wamesema mtu aliye ndani ya swala yake, hata ya faradhi, akimwona mtu anazama au kipofu anaelekea kisimani, ni wajibu aikate swala amwokoe. Ikiwa swala iliyokwisha kuanza inakatwa kwa ajili ya nafsi, vipi nafsi iachwe hatarini ili kuiwahi takbira ya kwanza? Mume wako akiwa na mtoto na hana wa kumwachia, ana njia mbili: aingie naye msikitini, au aswali mahali alipo naye. Na akiifuata hiyo ya pili, hajaikimbia jamaa. Mtume (s.a.w.) amesema: "Kila mmoja wenu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga" (Bukhari na Muslim).

Hapa lazima niseme na wenzangu wa misikitini, maana sehemu ya kosa hili ni yetu. Mtume (s.a.w.) aliswali akiwaongoza watu huku amembeba mjukuu wake Umama bint Zainab, akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba. Alikuwa akianza swala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia anaifupisha, kwa kujua jinsi moyo wa mama yake unavyoungua. Hakusema waambieni kina mama wakae na watoto wao majumbani. Sisi mtoto akikimbia kati ya safu mara moja, wazee watano wanageuka kumkunjia uso baba yake. Baba huyo wiki ijayo ataona afadhali kumfungia garini kuliko kufedheheka. Tumemsukuma sisi.

Ijumaa moja nilikuwa nimekaa juu ya mimbari, adhana ndiyo imekwisha, kijana akapenya safu akaninong'oneza kuwa kuna mtoto analia ndani ya gari nje na mwenyewe hajulikani. Nilisimama nikaitaja namba ya gari badala ya kuanza hutuba. Mtu akainuka safu ya tatu, hata viatu hakuvaa. Walipomleta mtoto ndani, kofia yake ndogo ya swala ilikuwa imeganda kichwani kwa jasho, mashavu yamewiva, na alikuwa ameng'ang'ania kiatu kimoja mkononi. Alikunywa maji kwa pupa mpaka akapaliwa. Baada ya swala mtu mmoja alinilaumu kwa kuchelewesha hutuba. Nilimkumbusha hadithi ya Burayda (r.a.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi: Mtume (s.a.w.) alikuwa akihutubu, wakaja Hasan na Husein wamevaa kanzu nyekundu, wanatembea na kujikwaa. Akashuka mimbarini, akawabeba, akawaweka mbele yake, kisha ndipo akaendelea. Watoto wale walikuwa wamejikwaa tu, na hutuba ilikatwa kwa ajili yao.

Huenda ukauliza mpaka wake ni upi. Ukishuka kufungua geti, au kupakia mizigo nyuma ya gari, nawe unamwona, unamsikia, na unaweza kumfikia papo hapo, huko si kumwacha peke yake wala hakuna ubaya. Ukiingia mahali ambapo mlango au ukuta umekutenga naye, umemwacha. Mtoto mkubwa mwenye akili za kupambanua, anayeweza kufungua mlango mwenyewe na kuomba msaada, hukumu yake ni nyepesi zaidi, ila usimpe mdogo wake amlinde. Huo si mzigo wake. Na pale sheria ya nchi inapokataza kumwacha mtoto garini, kuitii ni wajibu pia, kwa kuwa imewekwa kwa maslahi ya watu.

Na anayepita akamwona mtoto anateseka ndani ya gari, kumwokoa kunakuwa wajibu wake. Aite watu, amtafute mwenyewe, apige simu ya dharura, na mtoto akiwa amelegea avunje kioo kilicho mbali naye. Khidhr, yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa, aliitoboa jahazi ya maskini ili isiporwe yote, na kioo ni kidogo kuliko roho.

Kuna jambo jingine lisichanganywe na hili: mzazi aliyemsahau mtoto. Hutokea kwa wazazi wema kabisa, hasa ratiba ikibadilika na mtoto akiwa amelala kimya nyuma. Watoto wengi wanaokufa kwa joto la gari huwa wamesahauliwa, hawakuachwa makusudi. Aliyesahau hana dhambi ya kukusudia. Allah anasema: "Wala si lawama juu yenu katika mlilolikosea, ila katika lile ambalo nyoyo zenu zimelikusudia" (Al-Ahzab, 5). Mzazi wa namna hiyo msimwongezee msumari juu ya donda. Lakini kifo kikitokea kwa uzembe, dhambi ikiondoka bado kuna haki nyingine: dia, yaani fidia ya damu, kwa warithi wengine wa mtoto, wasiposamehe, na kafara ambayo kwa leo ni kufunga miezi miwili mfululizo, kama ilivyo katika Sura An-Nisaa, aya ya 92. Mwenye msiba kama huo asijihukumu mwenyewe kwa kusoma majibu kama haya. Amwendee kadhi au mwanachuoni amsimulie kisa chote, kwani hukumu hubadilika kwa kadiri ya uzembe. Ili usije ukasahau, kila unapoingia garini weka mkoba wako au kiatu chako kimoja kando ya kiti cha mtoto, ili usiweze kuondoka bila kugeuka nyuma.

Kwa lile la juzi, dada yangu, huna kafara. Kafara ya namna hii ni ya nafsi iliyokufa, na mwanao yu hai, alhamdulillah. Una toba: kujuta, na machozi uliyolia naye natumaini ni sehemu yake, kuacha, na kuazimia kutorudia. Unaweza pia kutoa sadaka kwa kumshukuru Allah aliyekurudishia. Na safari nyingine mtoto akiwa amelala na wewe una haja ya dukani, mfungue mkanda, mlaze begani, uingie naye. Akiamka akalia, mwache alie.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.