Kufundisha gita na kinanda kwa video: sauti kupotea na kutokwenda pamoja

Mkuu umeuliza mambo mawili, kwanza kwa nini mwanafunzi wako wa gita akishikilia noti ndefu sauti inafifia mpaka inapotea kama kazima maiki, pili kwa nini mkipiga pamoja kwenye Zoom hamuendi sawa hata intaneti ikiwa nzuri. Nafundisha kinanda na gita kwa video muda mrefu sasa, watoto na watu wazima, kwa hiyo ntajibu yote mawili maana sababu zake hazifanani kabisa.

Hilo la sauti kupotea wala si gita lake wala bando. Hizi programu za mikutano zimetengenezwa kwa ajili ya watu kuongea, zinasikiliza kinachoingia kwenye maiki zinaamua hiki ni maneno hiki ni kelele, sasa mlio unaoendelea bila kubadilika zinauhesabu kama feni au injini ya gari zinauminya. Noti iliyoshikiliwa, iwe ya gita, filimbi au fidla, kwa programu hizi ni feni tu. Afu kuna kingine kinachosawazisha sauti chenyewe, mtu akipiga taratibu kinapandisha, akipiga kwa nguvu kinashusha. Hiki ndo kinaniumiza zaidi kwa sababu unamwambia mtoto hapa punguza pale ongeza, na yeye anafanya kweli kabisa ila kwako inafika yote sawasawa, unamkosoa mtoto wa watu bure na yeye anaanza kuamini hawezi.

Dawa ipo. Zoom nenda setingi za audio utafute Original Sound for Musicians, washa, na ndani yake washa ile ya ubora wa juu wa muziki, ilianza 2020 wakati walimu wengi wamehamia kwenye video. Mkishaingia darasani hakikisha imewashwa na pale kwenye skrini ya mkutano pia. Na hapa ndipo wengi wanakwama: setingi hizi zinatakiwa ziwekwe KWA MWANAFUNZI, maana sauti inachujwa kwenye kifaa cha anayepiga kabla haijakufikia. Ukiweka kwako tu yeye atakusikia vizuri ila wewe utaendelea kusikia noti zinakufa. Ukizima na kile cha kuondoa mwangwi basi hedifoni ni lazima, la sivyo sauti yako itatoka kwenye spika yake na kurudi kwenye maiki.

Sasa la kupiga pamoja. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mkiwa mmekaa mita 10 mbalimbali mnachelewana kama milisekunde 30 hivi, na hapo hapo ndo wapigaji wengi wanaanza kushindwa kushikana. Kwenye simu ya video mara nyingi mnavuka 100. Sauti inakusanywa, inabanwa, inasafiri, inasubirishwa kidogo ili isikatike, inafunguliwa, na kasi kubwa ya kupakua haiondoi huko kusubiri. Ndo maana tempo, yaani kasi ya wimbo, inashuka taratibu, wewe unamsubiri yeye na yeye anakusubiri wewe. Hedifoni za Bluetooth zinaongeza kuchelewa kwingine juu ya huko, tumieni za waya. Kuna programu za kupunguza hili, Jamulus, SonoBus, na JackTrip iliyoanzia chuo cha Stanford, ila zinataka waya wa intaneti kutoka kwenye ruta, umbali usiwe mkubwa sana, na mtu wa kushughulika na setingi. Kwa bendi sawa, kwa mtoto anayeanza mimi simsumbui nazo.

Kwa maoni yangu acha kabisa kulazimisha kupiga naye kwa wakati mmoja. Piga baa nne, yaani vipande vinne vifupi vya wimbo, nyamaza, zima maiki yako, ajibu. Usimhesabie moja mbili tatu nne kutoka kwako wala usimpigie makofi, hesabu yako inamfikia imechelewa na anachopiga kinakurudia kimechelewa tena, utadhani yuko nje ya mapigo kumbe yuko ndani. Metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, iwe chumbani kwake. Akihitaji wa kusindikizana naye mrekodie usindikizaji kwa tempo ya chini umtumie, aucheze kwenye simu nyingine yenye spika pembeni yake apige juu yake, vyote viwili vinaingia kwenye maiki moja kwa hiyo wewe unasikia kama yalivyo kule.

Na kuna faida hapa ambayo naithamini sana. Nina mwanafunzi wa gita, kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ilikuwa inamsumbua, inatoka na mlio wa kukwaruza. Ningekuwa karibu ningemshika kidole nikisogeze basi. Ikabidi nimwambie alete kamera shingoni mwa gita apige waya mmoja mmoja aniambie YEYE upi umekufa. Akapiga, akarudia, akasema wa pili. Nikamwambia kisogeze kidole cha shahada karibu zaidi na feti ya kwanza, kile kichuma cha kwanza kilichokatiza shingo ya gita, afu kilaze kidogo kwa ubavu upande wa gumba, piga tena huo wa pili. Ukalia. Baada ya hapo kodi ikimkwaruzia anautafuta waya mwenyewe kabla sijasema neno, sikio lake limeshaanza kufanya kazi yangu.

Kamera usihangaike nayo sana, gita aelekeze mkono unaobonyeza, kinanda aiweke ubavuni uone kiganja kama kimelala.

Kitu kingine nasisitiza ni rekodi za katikati ya wiki. Ajirekodi kwa simu akutumie, hata dakika moja. Faili haikatwi na mtandao kama darasa la moja kwa moja, hivo ubora wa sauti na nguvu na ulaini navihukumu kwenye rekodi, na kipindi cha video nakiacha kwa vidole, mapigo na maswali.

Kwa huyo wako anza na setingi, mwite mzazi akae naye mziweke pamoja, afu mwambie apige waya mmoja wazi, bila kuubonyeza, auache ulie mpaka uishe wenyewe. Ukikatika ghafla tena rudi hapa useme anatumia simu au kompyuta, maana menyu zake hazifanani na ntakuelekeza kulingana na hicho kifaa.