Njama Ipite Ghalani: Kuandika Siasa na Vita vya Meka

Riwaya nyingi za kivita zenye meka, yale maroboti makubwa yanayoendeshwa na askari aliyekaa ndani, ukizichunguza utakuta ni riwaya mbili ndani ya jalada moja. Sura hii mawaziri wananong'onezana ikulu, sura inayofuata vyuma vinagongana bondeni. Futa sura za ikulu, vita vinaendelea vilevile. Futa vita, njama haipungukiwi na chochote. Dawa ni kuhakikisha kila hila ya kisiasa inapitia kitu ambacho mashine haiwezi kupigana bila hicho, na kila pambano linabadilisha mikono inayokishika.

Kwa hiyo anza na mashine, ikulu itafuata. Piga hesabu ya mwili wake kwanza. Mtu wa mita 1.8 ana kilo 80 hivi. Mkuze mara 5 afike mita 9: uzito unapanda mara 125, karibu tani 10, ilhali nyayo zinapanuka mara 25 tu. Na hapo bado ni nyama. Kwa chuma, tuseme tani 30. Unyayo mmoja wa ukubwa huo una kama nusu mita ya mraba, na kila hatua kuna wakati uzito wote uko juu ya mguu mmoja. Hizo ni tani 60 kwa mita ya mraba. Kifaru kizito cha leo, kwa sababu ya minyororo yake mipana, hukandamiza ardhi kwa tani 10 hivi kwa mita ya mraba. Meka yako basi itazama kwenye tope ambalo kifaru kinalipita, na madaraja mengi hayataibeba. Ama upanue unyayo, ama uchague uwanja unaoifaa: mawe, miteremko mikali, vifusi vya mji, au mahali penye mvutano mdogo.

Mwezini, ambako mvutano ni sehemu moja ya sita ya ule wa duniani, zile tani 60 zinakandamiza kama tani 10. Mashine inatembea vizuri. Lakini kusimama ni jambo jingine: tani 30 zilizokwisha kushika kasi ni zilezile, na unyayo unashika ardhi kwa moja ya sita tu. Rubani anayekata kona kwa mazoea ya duniani atateleza mpaka agonge ukuta wa kreta. Mapigano mazuri huzaliwa na vitu vya namna hii kuliko na mzinga wa leza.

Kisha joto, na hapa usiharakishe, kwa sababu hapa ndipo siasa inapoingilia. Penye utupu hakuna hewa ya kupoza injini. Joto linatoka kwa mnururisho pekee, yaani kwa kung'aa kama miali, si kwa kupepewa. Tuseme meka ikipigana kwa nguvu zote inazalisha joto la megawati 2. Bati la kupozea lenye nyuzi 227 za Selsiasi hutoa kama kilowati 3.5 kwa kila mita ya mraba. Utahitaji karibu mita za mraba 280 za bati linalotoa joto pande zote mbili, na hakuna askari wa kuingia vitani amebeba tanga la ukubwa huo. Njia iliyobaki ni kubeba barafu. Tani moja ya barafu ikiyeyuka na maji yake kufikia nyuzi 100 inameza joto la dakika 6. Ukiyaacha maji yachemke na kuutoa mvuke nje, unapata dakika 25 hivi, ila mvuke huo unaganda kuwa chembe zinazong'aa juani na kumwonyesha adui ulipo. Rubani ana chaguo la kweli: dakika 6 za siri au 25 za kuonekana.

Sasa jiulize barafu inatoka wapi. Mwezini iko kwenye kreta za ncha zake, mahali ambapo jua halifiki kamwe. Anayeshika kreta hizo anaamua nani anapigana na kwa dakika ngapi. Umepata jimbo la kugombewa, gavana wa kuhongwa na mkataba wa kuvunjwa, na hukulazimika kubuni chuki ya kale kati ya koo mbili za kifalme. Fanya hivyohivyo kwa vipuri. Vumbi la Mwezi ni kali, kwa kuwa hakuna upepo wala maji ya kulisaga likawa laini. Lilikwangua mavazi ya wanaanga wa Apollo, safari za Wamarekani kwenda Mwezini, na kuziba viungo vyake. Sili za magoti ya meka, yaani vizibo vinavyozuia vumbi kuingia kwenye viungo, zitaliwa nalo. Kiwanda kimoja tu kikitengeneza sili hizo, mwenye kiwanda ni mwanasiasa, apende asipende.

Ukifika kwenye njama yenyewe, andika mnyororo wa amri kabla ya kuandika mazungumzo: nani anatoa amri, nani anaithibitisha, nani ana ufunguo wa bohari, nani anashika mawasiliano. Njama huvunjika kwenye kiungo ambacho wapangaji walikisahau. Tarehe 20 Julai 1944, Stauffenberg, kanali wa Ujerumani aliyetaka kumuua Hitler, na wenzake walitumia mpango halali wa kuzima ghasia, Valkyrie, ili jeshi la akiba liikamate Berlin bila kujua linampindua nani. Simu hazikukatwa zote. Meja Remer, aliyetumwa kuuzingira mtaa wa serikali, aliunganishwa na Hitler kwa simu, akaisikia sauti yake, na kikosi kikageuka. Aprili 1961 majenerali wanne wa Ufaransa walioasi waliukamata mji wa Algiers, Algeria. Rais wao, De Gaulle, akahutubia tarehe 23, askari walioandikishwa kwa lazima wakamsikia kwenye redio ndogo za transista, na wengi wakakataa kuwatii. Baada ya siku chache uasi ulikwisha.

Peleka somo hilo kwenye karakana. Marubani wa meka ni wachache, mafundi ni wengi. Fundi asiyepakia barafu amemaliza mapinduzi bila kufyatua risasi. Mpe jina, mpe sababu zake, mpe sura nzima.

Umbali nao ni silaha ya wala njama. Redio kutoka Duniani hadi Mwezini huchukua sekunde 1.3. Hadi Mirihi ni kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, kutegemea sayari ziko wapi. Amri ya kughushi ikifika Mirihi wakati wa umbali mkubwa, kuiulizia na kujibiwa ni dakika 44. Brigedi inaweza kusogea ndani ya muda huo. Weka umbali mmoja wa kitabu chote na usiusahau.

Tengeneza pia jedwali la siri: jambo, nani analijua, tangu sura ipi, kwa njia gani. Kosa linalorudi sana ni jasusi mkuu anayejua kila kitu bila njia ya kujua. Kila siri iache alama. Napenda ugunduzi uanzie kwa mtunza bohari anayeona kikosi kilicho likizo kimeagiza barafu mara mbili ya kawaida.

Ndani ya pambano, andika pembeni mwa kila ukurasa hesabu nne: barafu, makombora, viungo, mawasiliano. Kifaru cha Kimarekani cha Abrams hubeba makombora 40 hivi. Meka isiyo na nafasi hiyo itabeba pungufu, basi kila mlio upunguze hesabu. Pigano la mmoja kwa mmoja lisilo na vikosi jirani ni la kuepuka, maana kamanda yeyote angepeleka watatu dhidi ya mmoja.

Ukirudia rasimu, soma sura za baraza ukiwa na hesabu hizo nne mkononi. Kreta ikipotea sura ya 9, kwenye kikao cha sura ya 10 lazima kuwe na mjumbe ambaye kura yake imepanda bei, na waziri anayelijua hilo kabla kikao hakijafunguliwa.