Ruta ya kwenye raki: anza na ethi, umeme uje mwisho

Mdogo wangu wa Tukuyu, umeuliza kama waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) ni lazima kwenye ruta, kile kifaa cha kuelekeza mtandao, inayofungwa kwenye raki, yaani fremu ya chuma ya vifaa, wakati plagi yake tayari ina pini tatu. Ufunge. Huko kwenu mvua na radi hazina likizo, na pini ile ya tatu inategemea uaminifu wa aliyefunga soketi za jengo. Kuna majengo ambayo ethi yake ni pambo tu. Mwite fundi umeme aipime kwanza. Halafu waya huo uwe wa kwanza kufungwa kwenye ruta, na siku ya kuitoa uwe wa mwisho kufunguliwa. Raki nayo iunganishwe na ethi ya jengo.

Kuipandisha ruta muwe wawili: mmoja ashikilie, mwingine akaze skrubu. Vifaa vizito vikae chini, la sivyo raki itapinduka. Na usizibe matundu ya hewa. Baridi ya Rungwe haipoozi ruta iliyobanwa.

Umesema ruta ina pawa saplai (vipokea umeme) mbili. Moja ichomeke kwenye yupiesi (betri inayoshika umeme ukikatika), nyingine kwenye njia tofauti ya umeme. Zote kwenye ekstensheni moja ni kujidanganya.

Kabla ya kuwasha, unganisha ruta na laptopu kwa kebo ya konsoli, waya wa kuongea nayo moja kwa moja, uone inavyoamka. Ruta nyingi huanza kuongea kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde kwenye kebo hiyo. Inaweza kuchukua dakika kadhaa taa zitulie. Usiizime katikati ukidhani imeganda.