Kwa wewe unayeanza kulinganisha maadili ya Kikristo na ya Kibuddha

Wanafunzi wengi huja darasani na jibu mkononi: Ukristo hufundisha kujitoa, Ubuddha hufundisha kujitafutia utulivu. Liache mapema, litakuzuia kusoma.

Anza na kisa kilichomo katika Visuddhimagga, kitabu alichokiandika mwalimu wa Kibuddha, Buddhaghosa, huko Sri Lanka katika karne ya 5. Mtawa ameketi na watu watatu: mpendwa wake, mtu asiyemhusu, na adui yake. Majambazi wanafika, wanataka mmoja wakamuue. Mtawa akiwaza "mchukueni yule", hajafika kwenye wema usiobagua. Akiwaza "nichukueni mimi, waacheni hawa", vilevile hajafika, kwa kuwa bado kuna mmoja anayemtakia mabaya, naye ni yeye mwenyewe. Amefika pale tu asipomwona hata mmoja wa kutolewa.

Aliyelelewa kanisani hushtuka hapa, na ni vizuri ashtuke. Yohana 15:13 inamsifu mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Padri Maximilian Kolbe alifanya hivyo katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz mwaka 1941, akafa badala ya mfungwa mwenzake. Je, Buddhaghosa angemlaumu? Sidhani. Yeye anaupima moyo wa mtu anayejizoeza wema usiobagua, wema ambao kwake huanza kwa kujitakia mema. Hasemi ufanye nini majambazi wakiwa mlangoni kweli. Tena Wabuddha hao hao husimulia kwa heshima habari za Buddha, katika maisha yake ya awali, kumpa chui milia mwenye njaa mwili wake amle.

Wakristo nao hawasemi kwa sauti moja. Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, aliona kujipenda ndio upotovu wenyewe. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alifundisha kwamba mtu ajipende kuliko jirani, kwa maana hii: asitende dhambi hata kama ni kwa ajili ya kumwokoa mwenzake. Mwili wake anaweza kuutoa; roho yake, hapana.

Ukiandika insha, mweke Aquinas karibu na Buddhaghosa. Wote wawili wanamkataza mtu kujidharau. Lakini mmoja anailinda roho iliyoumbwa na Mungu, na mwingine anafundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu ndani ya mtu yeyote. Sasa muulize huyu wa pili: anayetakiwa mema ni nani? Kaa na swali hilo wiki nzima kabla hujaandika sentensi ya kwanza.