Gleason 6: mmoja anasema upasuaji, mwingine anasema subiri

Pole, ndugu. Una saratani ya tezi dume, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) 7, Gleason (alama ya ukali wa saratani) 3+3, yaani 6, daktari mmoja anataka kukupasua, mwingine anasema ufuatiliwe tu: yeyote angechanganyikiwa. Ila wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Gleason 6 ni daraja la chini, kwa kawaida hukua polepole, na upasuaji wa tezi dume unaweza kuacha mkojo ukivuja na nguvu za kiume zikipungua. Kufuatiliwa si kutelekezwa: ni PSA kila baada ya miezi 3 hadi 6, MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), na kuchukuliwa tena kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kupima. Saa 48 kabla ya PSA, acha baiskeli na tendo la ndoa. Hupandisha namba bure. Uliza vinyama vingapi vilikutwa na saratani. Mkojo ukiziba au miguu ikilegea ghafla, hospitali siku hiyohiyo.