Kituo cha kulea watoto kambini kimejaa na kazi inaanza? Fanya hivi

Dada pole, nimekuelewa: mume mwanajeshi hapa Marekani, mmehamishiwa kambi mpya, mtoto miezi 4, kituo cha kambini wamekuweka foleni na jirani anakwambia mlete kwangu kwa bei poa. Mimi foleni hiyo naijua, inaumiza.

Kwanza ingia MilitaryChildCare.com, tovuti ya jeshi ya kuombea nafasi za malezi, uombe vituo zaidi ya kimoja, na weka pia walezi wa majumbani waliosajiliwa na jeshi, wengi wanawasahau hao. Ukipata kazi au ratiba ikibadilika rekebisha taarifa zako haraka maana nafasi inatolewa kwa kipaumbele, siyo nani kawahi tu. Kambini ada inaendana na kipato cha familia.

Pakikosekana kabisa, ulizia ruzuku ya jeshi ya kulea mtoto nje ya kambi, ila kwa kawaida mlezi anatakiwa awe na leseni ya jimbo, kwahiyo usilipe dipoziti kabla watoa ruzuku hawajakuthibitishia kwamba mlezi huyo anakubalika.

Huyo jirani sasa, kama mnaishi nyumba za jeshi na analea watoto wa watu masaa 10 au zaidi kwa wiki anatakiwa awe na kibali cha jeshi, muombe akuonyeshe. Hana? Usimwachie mtoto, nakusihi. Mkikwama nendeni ofisi ya huduma za familia hapo kambini.