Minazi inababuka makuti? Geuza kuti kwanza, dawa baadaye

Mkuu, umesema minazi yako ya Igombe makuti ya chini yanakuwa ya kahawia kama yamepitiwa na moto, na unataka jina la dawa. Mimi ninayo minne kule Kayenze, hatua chache tu kutoka Ziwa Victoria. Yalinikuta mwaka juzi.

Jirani aliniambia ni jua. Nikamwagilia wiki tatu, wapi! Siku moja nikakata kuti nikaligeuza. Kwa chini lilikuwa limejaa vijia vya utando uliochanganyika na kinyesi, kama unga wa mbao. Nikapasua kimoja kwa kijiti: kiwavi mwembamba, hafiki sentimita mbili, akarudi nyuma mbio. Mzazi wake ni nondo mdogo wa kijivu, usiku anazunguka kwenye taa wala humjali. Kiwavi anakula nyama ya jani kwa chini na kuacha ngozi ya juu, ndiyo maana ukiwa umesimama pale unaona madoa tu, mlaji humuoni.

Nikakimbilia dawa. Bomba la mgongoni kwa mnazi mrefu ni vichekesho; nusu ilinirudia usoni. Viwavi wakapungua mwezi mmoja, kisha wakaja wengi kuliko mwanzo. Wao walikuwa ndani ya utando. Waliokufa ni nyigu wadogo wanaotaga mayai kwenye miili ya viwavi hao na kuwamaliza.

Safari ya pili nilikata makuti matatu ya chini kabisa, nikayachoma siku hiyohiyo. Usiunyoe mnazi upara, na moyo wake usiguse, hauoti mwingine. Kabla ya kuchoma chungulia: ukikuta kiwavi aliyekauka na vifuko vyeupe vidogo kuliko punje ya mchele, kata kipande hicho ukitundike mtini, nyigu watoke.

Mtu atakwambia agiza mdudu wa kuwala. Visiwa vya Fiji, kule Pasifiki, walifanya hivyo mwaka 1925: nondo aitwaye Levuana alikuwa anamaliza minazi, wakaleta kutoka nchi ya Malaya (leo sehemu ya Malaysia) nzi ambaye funza wake hula viwavi. Minazi ilipona, na nondo huyo leo anahesabiwa kuwa ametoweka. Lakini sisi wa ziwani tuliletewa sangara miaka ya 1950, muulize mvuvi yeyote mzee furu, samaki wetu wadogo aliowala, walikwenda wapi. Mimi nabaki na nyigu wangu wa hapahapa.

Tuma picha, ila ya upande wa chini wa kuti. Ya mti mzima hainisaidii.